Chumba cha gemu si nyumba ya kamari: barua ya wazi kutoka Mabatini

Waheshimiwa mnaosimamia leseni za biashara, elimu na mawasiliano mkoani Mwanza,

Nawasalimu kwa heshima.

Naandika nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta sita, nne zinawaka na mbili zinamsubiri fundi. Chumba chenyewe kipo Mabatini, pale nyumba zinapoanza kupanda mlima na kubanana katikati ya mawe. Nimekiendesha kwa miaka tisa sasa. Asubuhi watu wanakuja kuchapa barua za maombi ya kazi, kujaza fomu za mkopo wa chuo, kutoa nakala za vyeti. Kuanzia saa kumi jioni, watoto wakishatoka shule, kinageuka kuwa chumba cha gemu, na hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya pango.

Mwaka jana walikuja maofisa wawili. Ofisi yao sitaitaja, maana sikuandika ili kumshitaki mtu. Wakaniomba kibali cha michezo ya kubahatisha. Nikawaambia hapa habeti mtu. Mmoja akanyoosha kidole kwenye bango langu la GEMU ZA KOMPYUTA, akasema, "Mama, gemu ni gemu." Chumba kikafungwa siku kumi na moja. Hatua kama hamsini kutoka mlangoni kwangu, nyuma ya duka la soda, dubwi, yaani mashine ya kamari, liliendelea kumeza sarafu za mia mbili mbili za watoto walewale waliokuta nimefungiwa.

Yule ofisa hakuwa mtu mbaya. Alikwama kwenye neno. Kiingereza kina neno moja linalobeba kamari na gemu za kompyuta kwa pamoja, na vijana wetu nao wanasema gemu kwa kila kitu chenye kioo na vitufe. Lakini Kiswahili cha sheria yetu kimenyooka: michezo ya kubahatisha. Kwenye dubwi mtoto analipa ili bahati iamue, akitumaini kurudi nyumbani na hela. Kwangu analipa shilingi 500 akae kwenye mashine nusu saa, na atakapofika kunategemea mikono yake na kichwa chake. Hakuna anayetoka na hela. Tofauti hiyo inaweza kuandikwa kwenye karatasi ya leseni kwa mstari mmoja, na mstari huo ndio ninaouomba. Mengine yote ninayoyasema humu yanauzunguka huo.

Na nauomba sasa kwa sababu gemu za kompyuta zinabadilika haraka, na zinabadilika kwa namna inayoweza kumwacha nje mtoto wa hapa.

Chukueni gemu ndogo, zile za kupumzisha akili dakika kumi. Wengi wenu mliokaa ofisini miaka ya tisini mlizoea kipanya kwa kucheza karata. Gemu ile, Solitaire, iliwekwa ndani ya Windows mwaka 1990, na ile ya kukwepa mabomu ikawekwa mwaka 1992. Zilikuja na mashine, bila malipo ya ziada, bila intaneti, na zikafundisha watu wazima kubofya na kuburuta bila kuingia darasani. Hapa kwangu akina mama wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, waliokuja kujifunza kuandika hesabu za biashara kwenye kompyuta, niliwaanzishia hapo hapo kwenye karata. Siku tatu mkono unakuwa umelegea, kipanya hakikimbii tena.

Zikafuata gemu za kwenye kivinjari, zilizotegemea programu ya Flash. Kampuni yake, Adobe, iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020, na tarehe 12 Januari 2021 ikaanza kuzifungia kabisa zisifanye kazi. Wiki ile watoto wa darasa la tatu na la nne walikaa kwenye viti vyao, wakafungua kurasa walizozizoea, wakakutana na boksi la kijivu. Walidhani nimewaadhibu mimi. Nilikosa maneno ya kuwaeleza kwamba kitu wanachokipenda kimezimwa na mtu aliye mbali ambaye hata hajui kama Mabatini ipo.

Siku hizi gemu ndogo nyingi zimehamia kwenye simu. Unacheza dakika moja, linakuja tangazo, na mara nyingi tangazo lenyewe ni la kubeti. Hata ile karata ya kwenye Windows mpya ina matangazo, na ukitaka yaondoke unalipia. Halafu kuna maboksi ya bahati ndani ya gemu kubwa, ambapo mtoto analipa hela halisi afungue boksi bila kujua kilichomo. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba maboksi ya kulipia ya namna hiyo ni kamari, na mapema mwaka 2019 kampuni ya gemu ya EA ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kufungulia pakiti za wachezaji kwenye gemu yake ya mpira, FIFA. Waheshimiwa, kama mnaitafuta kamari ndani ya gemu, ipo hapo, na nitawaunga mkono siku mtakapoigusa. Haipo kwenye kiti cha mtoto anayejenga nyumba ya matofali kwenye Minecraft.

Sasa niseme kuhusu gemu za mtu mmoja, zenye hadithi au zenye kujenga, ambazo unacheza peke yako na intaneti ikikatika hazikusumbui. Hizi ndizo zimelea chumba changu. Mpaka leo gemu inayoombwa kuliko zote ni PES 2013, ya mpira wa miguu. Imetoka mwaka 2012, inakubali mashine kuukuu, haidai bando. Madogo wameiingizia jezi za Simba na Yanga, za Pamba Jiji pia, na majina ya wachezaji wa msimu huu.

Neno "wameiingizia" nililisema kirahisi, lakini ndani yake kuna elimu. Mwaka 2018 kijana mmoja wa kidato cha pili aliniomba ruhusa ya kufungua mafaili ya gemu hiyo. Nilimkatalia mara mbili, nikihofia ataniharibia mashine. Mara ya tatu nilimpa ile mbovu kuliko zote. Alikaa nayo jioni kumi na kitu. Alijifunza picha ya jezi inapimwa kwa pikseli, na ukikosea pikseli moja rangi inavuja kwenye bega. Alijifunza kutunza nakala ya faili kabla ya kuligusa, baada ya kulipoteza mara moja na kulia kabisa. Hakuna mwalimu aliyekuwepo. Leo anachora nembo na kuchapa fulana mjini kati, jirani na Makoroboi, na ameajiri wenzake wawili. Alipokuja kunionyesha leseni yake ya biashara niliitazama kwa muda mrefu. Mtoto yule alijifunzia kazi kwenye chumba kile ambacho mwaka jana kiliitwa cha kamari.

Gemu za namna hii ndizo naona zinaondoka mikononi mwetu, na zinaondoka kwa njia zaidi ya moja.

Kwanza ni uzito. Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023 na kusifiwa kila mahali, inataka nafasi ya GB 150 kwenye diski. Kwa anayenunua bando la GB moja moja, gemu hiyo ni kama meli iliyotia nanga katikati ya ziwa: unaziona taa zake usiku, hupandi. Gemu kubwa mpya inauzwa dola 60 hadi 70, yaani takriban shilingi 150,000 au zaidi, na duka la mtandaoni la Steam halina bei kwa shilingi yetu. Ndiyo maana gemu nyingi zinazozunguka mji huu zinatembea kwenye fleshi, za kunakili. Nasema ukweli huu nikijua naandika kwa wenye mamlaka. Sipendi iwe hivyo. Nimelipia gemu tatu kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, na mojawapo ni Stardew Valley, gemu ya shamba iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka Februari 2016. Inahitaji MB 500 tu. Wasichana ndio wanaoipigania zaidi. Nusu saa ikiisha wanabishana kama mahindi yamwagiliwe leo au kesho.

Jambo la pili linaniumiza zaidi. Siku hizi hata gemu unayoweza kuicheza peke yako inadai kwanza iongee na seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni iliyo mbali. Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya magari, The Crew, tarehe 31 Machi 2024. Ilitoka mwaka 2014 na watu walikuwa wameinunua kwa hela yao, lakini tangu siku ile haiwaki, hata kwa anayetaka kuendesha gari peke yake. Mmarekani Ross Scott akaanzisha kampeni ya kudai gemu zilizouzwa zisiuawe, na kufikia Julai 2025 saini za raia wa Umoja wa Ulaya zilipita milioni moja. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024 kwamba muuzaji aseme wazi kama unachonunua ni kitu chako au ni ruhusa ya kukitumia tu. Wenzetu wameliona ni jambo la haki ya mnunuzi. Hapa kwetu sijasikia ofisi iliyoliuliza, na sisi tutaumia kuliko wao, kwa sababu gemu inayodai seva muda wote hufa kila bando linapokwisha.

Jambo la tatu ni mashine zenyewe. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta zangu zote sita ni za mtumba kutoka Kariakoo, na moja tu ndiyo inayofikia hapo. Na wakati huohuo bei ya RAM, kumbukumbu ya kompyuta, imepanda, kwa kuwa vituo vya data vya akili mnemba vinazigombea. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina la RAM ambalo mafundi wetu wamelizoea miaka yote. Fundi wangu alinitajia bei ya kuongeza RAM, nikamwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya.

Ila hapa ndipo mnaweza kufanya jambo kubwa bila bajeti kubwa. Kwenye stoo za ofisi na shule za mkoa huu kuna kompyuta ambazo haziwezi kupanda kwenda Windows 11. Najua utaratibu: zitakaa, zitaingia vumbi, siku moja zitaenda mnadani kwa bei ya chuma chakavu. Futeni mafaili yake kwa usalama, mziwekee mfumo wa Linux badala ya Windows, mzigawe kwenye shule na kwenye vyumba vya vijana vilivyosajiliwa. Linux ni ya bure, na tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imetoa programu ya Proton inayowezesha gemu nyingi za Windows kuwaka kwenye Linux. Linux nimeijaribu kwenye mashine yangu moja. Stardew Valley inakwenda. Vijana wawili walijifunza kuiweka kwa jioni mbili, na sasa wao ndio wanaomfundisha fundi.

Kuhusu gemu za mtandaoni nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya tatizo ni umbali, na umbali hauna wa kulaumiwa. Kabla ya mikongo ya intaneti ya chini ya bahari kufika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, intaneti yetu ilitegemea setelaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Tumepiga hatua. Lakini mwanga ndani ya mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, basi. Kutoka Mwanza hadi Johannesburg, ambako gemu ya risasi kama Counter-Strike 2 ina seva, ni zaidi ya kilomita 2,600 kwa mstari ulionyooka, na kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 26 hata kama kila kitu kingekuwa kamili. Njia halisi haijanyooka. Inazunguka hadi pwani kwanza. Na gemu nyingine hazina seva Afrika, zinatupeleka Ulaya. Pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, kwenye mashine zangu inacheza kwenye milisekunde 150 hadi 200, na kijana anayelenga kwa kasi ileile ya mwenzake wa Ujerumani anakufa kabla risasi yake haijafika. Wanaliita kulagi, wanalizoea, na wengine wanadhani wao ndio wazembe.

Dawa tuliyoipata wenyewe ni waya. Nilinunua swichi ya matundu manane, tukaunganisha mashine zote ndani ya chumba. Siku hizo pingi ni milisekunde moja. Jumamosi wanakuja wa Igoma, wanakuja wa Pasiansi, wanakaa hawa upande huu na wale upande ule, na kelele zake zinafika barabarani. Wazee wa hapa wanaozikumbuka ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanavyogombea watazamaji mpaka jua lizame, wakipita wanasimama mlangoni na kucheka. Hawajui sheria za gemu yenyewe, lakini ushindani ule wanaujua. Lakini watengenezaji wengi wameondoa njia hii ya waya. Gemu ya vita ya StarCraft II ilipotoka mwaka 2010 haikuwa nayo tena. Kila gemu mpya isiyokubali waya inawarudisha watoto wa Igoma na Pasiansi kwenye seva ya mbali.

Kwa hiyo naomba seva moja hapa hapa. Programu ya seva ya Minecraft toleo la Java inapakuliwa bure kutoka kwa wenyewe, na kompyuta moja ya kawaida inabeba darasa zima. Ikikaa kwenye chumba cha seva cha chuo kimojawapo cha jiji hili, chenye betri ya akiba umeme ukikatika, shule za Nyamagana na za Ilemela zinaweza kukutana humo bila data yao kusafiri hadi bara jingine. Wanafunzi wa chuo ndio waiendeshe. Itakuwa mazoezi yao ya kazi. Mtaala mpya una mkondo wa amali, na sioni kwa nini kutunza seva kusiwe amali kama ushonaji na useremala.

Najua mnachokihofia, kwa sababu hata mimi ni mzazi. Utoro. Mwenye sare haingii kwangu kabla ya saa kumi jioni, hata akilia. Saa moja usiku nafunga. Gemu za risasi ni kwa waliofikisha miaka 16. Nimebandika ukutani alama za umri za PEGI zinazotumika Ulaya, 3, 7, 12, 16 na 18, na mzazi yeyote anaweza kuja kuzisoma. Haya nimeyaweka mwenyewe bila kulazimishwa. Yaandikeni yawe masharti ya leseni, na asiyeyafuata afungiwe. Nitakuwa wa kwanza kukaguliwa.

Kuna jioni moja ya mwaka juzi ambayo siwezi kuiacha nje ya barua hii. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, anayekaa Malimbe, alikuja na kompyuta mpakato yenye nguvu, akafungua Tales of Kenzera: ZAU. Ni gemu iliyotoka Aprili 2024, ya kijana anayeomboleza baba yake, na aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Akaenda kwenye mipangilio ya sauti, akachagua Kiswahili. Watoto walikuwa wanapiga kelele kama kawaida. Mhusika alipofungua mdomo na kusema Kiswahili, chumba kizima kilinyamaza. Binti mmoja wa darasa la sita aliuliza, "Kumbe inaruhusiwa?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Huyu binti amekua akicheza gemu za Kiingereza na Kijapani, na alidhani Kiswahili kimezuiwa humo. Wakameruni wa Kiro'o Games walishatoa yao, Aurion, mwaka 2016. Sisi Usukumani tuna hadithi ya Masala Kulangwa, mtoto aliyemuua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu wote tumboni mwake. Kila bibi wa huku anaijua. Binti yule ameshaanza kuichora kwenye daftari la hesabu: zimwi linakaa kwenye miamba, na mawe yenyewe ni haya haya tunayoyaona tukifungua mlango. Anataka mchezaji aanze kwenye mtumbwi. Ameniuliza kompyuta ipi inaweza kuitengeneza gemu hiyo, nikamwambia tutaangalia.

Leseni yangu inaisha mwezi wa sita. Fomu ina nafasi ya kujaza aina ya biashara, na mara iliyopita niliandika "steshenari", kwa kuwa kwenye orodha niliyoonyeshwa hakukuwa na neno lingine linalonihusu zaidi ya kubahatisha. Jumamosi yoyote kuanzia saa kumi jioni nipo, na wa Igoma watakuwepo. Karibuni mje mtazame kabla sijaijaza tena.

Wenu katika kuujenga mji huu,

Mama mwenye chumba cha kompyuta
Mabatini, Mwanza